Amana ya Anayependekeza

Tuzo ya Newbery, ambayo imekuwa ikitolewa Marekani tangu mwaka 1922 kwa kitabu bora cha watoto, ina sharti ambalo wengi wetu tungelistaajabia: kitabu hakipewi medali kwa sababu ya mafunzo yake, wala kwa sababu kinapendwa. Sharti hilo linawanyima waamuzi njia mbili za mkato. Mtu mzima huvutiwa na riwaya inayomsaidia kukanya. Mtoto huvutiwa na ile inayomchekesha leo. Tukiyaweka hayo kando, naona linabaki swali la uadilifu. Anayependekeza riwaya ya watoto anamsemea msomaji asiyekuwepo barazani. Hiyo ni amana, na mwenye kushika amana haruhusiwi kuitumia kwa haja zake, hata haja hiyo ikiwa njema kama malezi.

Nitaambiwa kwamba hadithi za watoto ni malezi tangu enzi za ngano. Ni kweli, ila tuitazame ngano yenyewe. Sungura hudanganya, huiba, na mara nyingi hakamatwi. Angepimwa kwa funzo tu, angefukuzwa kwenye orodha siku ya kwanza. Lakini vizazi na vizazi vya watoto vimejifunza kwake kwamba mnyonge naye ana akili, na hakuna aliyelazimika kuwatamkia hivyo. Funzo lilikuwa ndani ya masimulizi, na mtoto aliaminiwa kulipata mwenyewe.

Wengine watasema basi watoto wachague wenyewe. Uingereza, vikundi vya wanafunzi husoma vitabu vilivyoteuliwa kwa Medali ya Carnegie na kuvijadili, jambo jema sana. Hata hivyo mtoto huchagua katika vile vilivyomfikia, na mchujo wa awali hufanywa na wakubwa. Hapo ndipo amana huvunjika kimya kimya. Mwaka 1923 Newbery ilikwenda kwa The Voyages of Doctor Dolittle cha Hugh Lofting, chenye Bumpo, mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyechorwa kama kichekesho. Matoleo ya baadaye ilibidi yahaririwe. Waliokichagua waliuona ufundi, na ufundi ulikuwepo. Mtoto mweusi akikisoma hawakumwona. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba ubora wa sanaa unaweza kupimwa bila kujiuliza ni nani atakayesoma.

Wala hilo halimaanishi kumkinga mtoto na kila kinachouma. Katika Charlotte's Web cha E. B. White, buibui aliyemwokoa nguruwe anakufa peke yake, na mwandishi hakifichi kifo hicho. Mwaka 1953 kitabu hicho kilipewa heshima ya pili tu; medali ilichukuliwa na Secret of the Andes cha Ann Nolan Clark. Miaka zaidi ya 70 baadaye, watoto bado wanalia wakifika ukurasa ule, kisha wanaendelea kusoma.