Makontena na Swali la Kitu Kile Kile

Programu inayofaulu majaribio kwenye Linux na kukwama kwenye Windows hufufua swali la zamani la falsafa: ni lini vitu viwili huhesabiwa kuwa kimoja? Leibniz alishikilia kwamba vitu visivyotofautiana kwa sifa yoyote si viwili. Makontena, yaliyoenea baada ya zana ya Docker kutolewa mwaka 2013, hulijibu swali hilo kwa vitendo. Programu hufungashwa na maktaba zake pamoja na mipangilio yake katika taswira moja, na taswira hiyo hutambulishwa kwa alama ya SHA-256 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ikibadilika biti moja tu, alama nayo hubadilika.

Lakini kontena halibebi kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Huazima ile ya mfumo linamoendeshwa. Ndiyo maana makontena ya Linux kwenye macOS au Windows huhitaji kwanza Linux iliyowekwa ndani ya mashine pepe. Majaribio yanayodaiwa kufanyika kwenye mifumo mitatu huwa, kwa kweli, yamefanyika kwenye mmoja. Kwa kawaida macOS haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, ilhali Linux hutofautisha. Mafaili yakikaa ndani ya kontena, kosa ambalo tofauti hiyo ingelizusha kwenye macOS pekee halijitokezi.

Jambo hili linagusa maana yenyewe ya ushahidi. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, baada ya kifo chake, Wittgenstein anamtaja mtu anayenunua nakala kadhaa za gazeti lile lile la asubuhi ili ajihakikishie kwamba habari zake ni za kweli. Nakala hizo haziwezi kupingana, kwa hiyo kukubaliana kwake hakuthibitishi lolote. Kompyuta kumi zinazoendesha taswira moja zinaikaribia sana hali hiyo, na timu inayohesabu matokeo kumi kuwa mashahidi kumi inajidanganya.

Faida ya kontena iko kwingine, nayo ni kubwa. John Stuart Mill alieleza mwaka 1843 kwamba chanzo cha tokeo hupatikana pale hali mbili zinapolingana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Kontena hutoa ulinganifu huo: jaribio la jana likifaulu na la leo likashindwa, mtuhumiwa wa kwanza ni msimbo uliobadilishwa. Lakini kwa njia za mafaili, ruhusa na alama za mwisho wa mstari, ambazo kila mfumo una desturi yake, hakuna budi kujaribu kwenye Windows na macOS zenyewe.