Runinga imekufa: Tununue ipi, na kwa haki ya nani?



Yapo maswali ambayo Waislamu huyapeleka kwa masheikh, na yapo ambayo huyapeleka moja kwa moja kwa wenye maduka ya Kariakoo. Runinga ya sebuleni inapokufa na fedha zikawa chache, wengi wetu huenda dukani tu. Tunauliza inchi ngapi, kampuni gani na bei ya mwisho ngapi. Mimi naona kuwa hili ni swali la dini kabla halijawa swali la duka, kwa sababu fedha inayokwenda kununua kile kioo ina wenyewe, na wenyewe hao wana haki.

Niseme mapema kwamba sirudii mjadala wa iwapo runinga ni halali au haramu. Zanzibar ilipata televisheni miaka ya 1970 na Bara mwaka 1994, na suala hilo limejadiliwa sana misikitini. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameifananisha na kisu, kwamba hukumu yake hufuata matumizi. Anayeona salama kuiacha kabisa anayo hoja, naye aheshimiwe. Ninazungumza na yule ambaye alikuwa nayo, imeharibika, na mkononi ana kiasi kidogo.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa imekufa kweli. Flati nyingi zinazotoa sauti bila picha huwa zimeungua taa za ndani tu. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, kioo bado ni kizima, na fundi mwaminifu anaweza kubadilisha taa hizo kwa gharama ndogo kuliko ya kununua mpya. Kioo kikipasuka ndipo hesabu hubadilika, maana bei ya kioo hukaribia ile ya runinga nzima. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona kondoo aliyekufa, akawauliza watu kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Ikiwa hata mzoga una kitu cha kunufaika nacho, vipi tutupe jalalani chombo kinachohitaji taa?

Tuseme fundi amethibitisha kuwa haifai tena. Sasa ni haja au ni pambo? Imam Shatibi, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 790 Hijria, amefafanua katika kitabu chake Al-Muwafaqat kwamba maslahi ya watu yana daraja tatu: ya dharura, ambayo bila hayo maisha au dini huharibika, ya haja, ambayo bila hayo watu hupata uzito, na ya kupamba na kukamilisha. La chini halitangulizwi juu ya la juu yake.

Runinga haimo katika dharura. Hapo hatuna ubishi. Lakini ni kosa kuiweka siku zote katika mapambo. Ya kwangu ilipozimika, wanangu walianza kuhamia nyumba za jirani baada ya Alasiri, na mmoja akaonekana kwenye kibanda umiza. Mama yao akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Ilipokuwa hapa tulijua wanaangalia nini, na tulijua lini ya kuzima." Kwa mzazi wa namna hiyo runinga imepanda daraja, imekuwa haja ya malezi. Lakini haja hupimwa kwa kadiri yake. Malezi yanahitaji chombo kinachoonyesha picha na wazazi wanaosimamia. Hayahitaji inchi 55.

Hapa ndipo penye mtihani. Tuchukue mfano wa mtu aliyeweka akiba ya shilingi 400,000. Anaweza kupata ya inchi 32 na akabakiwa na kitu. Anafika dukani, anaonyeshwa ya inchi 43 kwa shilingi 650,000, na moyo unahama. Tujiulize, zile 250,000 zinatoka wapi? Hazitoki hewani. Zitatoka kwenye ada ya mtoto, kwenye dawa ya mama aliyeko kijijini, kwenye deni la duka la mtaani ambalo mwenyewe ameona haya kulidai, au kwenye mkopo. Bajeti ya Muislamu ni orodha ya haki. Anayeongeza inchi bila kuongeza kipato amepunguza haki ya mtu, hata kama mtu huyo hajui.

Wapo wanaojitetea kwa Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba Allah (s.w.) anapenda kuona athari ya neema Yake kwa mja Wake. Hadithi hiyo tunaikubali. Lakini neema ni kile ulichopewa. Ulichokopa ili wageni wakione ni mali ya mtu mwingine iliyotundikwa ukutani kwako. Katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, amri ya kuwapa jamaa, masikini na msafiri haki zao imekuja pamoja na katazo la ubadhirifu. Mambo hayo mawili hayakukutana hapo bure. Mara nyingi mali inayofujwa ndiyo ile iliyonyimwa wenye haki.

Vipi kuhusu kununua kwa malipo ya kidogo kidogo? Wapo wanaoharamisha yote, na wapo wanaohalalisha yote. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilipitisha kuwa inajuzu bei ya kulipa kwa muda kuzidi ile ya taslimu, maadamu wanaouziana wamekata bei moja na muda unaojulikana. Baraza hilo hilo likasema kumtoza mnunuzi nyongeza anapochelewa ni riba, hata kama aliikubali tangu mwanzo. Basi kabla ya kutia saini, soma kipengele cha ucheleweshaji. Kama kipo, ondoka. Ama mikopo ya "kausha damu", ambayo marejesho yake huwafanya akina mama wajifiche wakisikia hodi, haina haja ya fatwa ndefu. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba. Je, tunataka deni letu liwe la runinga?

Anayekosa fedha za mpya asidharau iliyotumika. Hata ile ya chogo inafanya kazi kwa king'amuzi, ingawa matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012. Muhimu iwashwe mbele yako kwa muda wa kutosha, ijaribiwe sauti, picha na matundu yote. Nanyi wauzaji, ndugu zetu, mcheni Allah. Flati nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, na mnunuzi anaambiwa ni "Full HD", ambayo ni 1920 kwa 1080. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Runinga yenye kasoro iliyofichwa ni rundo lile lile.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kabla ya kwenda dukani, kaa na mkeo, au kaa na mumeo, muandike kwenye karatasi kila mwenye haki katika fedha ile. Anzeni na wanaodai, kisha wanaowategemea, kisha jirani mnayejua kuwa jiko lake halikuwaka. Kinachobaki ndicho bajeti ya runinga. Kikitosha inchi 24, nunueni ya inchi 24 na mseme Alhamdulillah. Kisipotosha, ukuta mtupu hautaulizwa Siku ya Kiyama. Mali ndiyo itakayoulizwa, ilipatikana vipi na ilitumika katika nini.

Wallaahu a'lam.