Karatasi Imepotea, Matokeo Yako Bado Yapo

Wewe uliyesoma jioni baada ya kutoka shambani, ukafanya Mtihani wa Maarifa ule tunaouita QT, kisha ukafanya ule wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, sikiliza. Najua ulikotoka. Najua mwenye nyumba ya bati kule Mamba Myamba, wilayani Same, anavyohesabu mikungu ya ndizi na magunia ya tangawizi ili apate ada ya mtihani. Najua Hedaru na Makanya kulivyo na joto, na kitabu cha Hisabati kilichofunikwa kwa gazeti. Uliupata ule ufaulu kwa jasho. Leo cheti kimepotea, na miaka inapita ukiwaambia watu, "Ningekwenda chuo, lakini cheti sina."

Acha kusema hivyo. Kilichopotea ni karatasi. Matokeo yako yako Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na kinachotunza kumbukumbu za watahiniwa. Mchwa wa Same hawafiki kule, wala mvua iliyoingia kwenye sanduku lako la bati haikulowesha kitu kule. Ulifaulu, na umefaulu mpaka leo.

Milima yetu ya Upare ina historia ya kudai. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kupinga kodi ya enzi za ukoloni iliyoitwa mbiru, wakapiga kambi hapo wiki kwa wiki, na baadaye wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Hawakurudi Mbaga na Gonja kulalamika jikoni. Walikwenda penye ofisi wakasimama. Kodi ile haikudumu. Sasa wewe, mjukuu wao, unaogopa dirisha la ofisi?

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, itafute namba yako ya mtihani. Ya mtahiniwa wa shule huanza na S, ya wa kujitegemea huanza na P, kisha namba ya kituo, kisha namba yako mwenyewe. Huikumbuki? Mpigie mliyefanya naye mtihani. Uliza kituo ulichofanyia. Fungua daftari lako la zamani. Wengi tuliandika namba nyuma ya jalada, penye jedwali la kuzidisha. Matokeo ya miaka mingi yamo kwenye tovuti ya Baraza, na kijana wa duka la steshenari karibu na stendi atakufungulia. Usiondoke pale mpaka umeona alama zako kwa macho yako mwenyewe. Yakumbushe macho yako ulikuwa nani.

Pili, polisi. Toa taarifa ya upotevu, upewe hati yake, ile "loss report". Siku hizi inaombwa hata mtandaoni. Jaza majina kama yalivyo kwenye cheti: si jina la ndoa, si jina la utani la kijiweni. Hapa ndipo wengi wanapokwama, hasa dada zetu walioolewa, na jina likitofautiana hata herufi moja faili linakuwa na maswali. Kama cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha NIDA kina jina tofauti, shughulikia hilo mapema, usisubiri wakuulize.

Tatu, tangazo gazetini kwamba cheti chako kimepotea. Kata kile kipande, kitunze, kwa kuwa ni sehemu ya maombi. Kisha ombi lenyewe la cheti mbadala kwa Baraza, kwa mtandao, pamoja na ada wanayoitaja wakati huo. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu anayekuambia ana ndugu Dar es Salaam. Na huyo anayenong'ona kwamba atakutengenezea kingine wiki hii, mkimbie kama moto wa kiangazi. Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi baada ya uhakiki wa Baraza hilihili. Wewe una cheti halali kwenye kumbukumbu. Ya nini ujiingize kwenye orodha ya aina ile?

Kuna anayeniambia, "Nina karatasi ya matokeo niliyochapisha, inatosha." Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira mpaka mstari wa mwisho: hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Kama chuo au mwajiri anataka kuhakikisha mambo wakati bado unasubiri, Baraza lina huduma ya uthibitisho wa matokeo, linapeleka taarifa kwa mhusika moja kwa moja. Iulizie. Mlango upo, ugonge.

Nawasemea kwa uchungu hasa mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imefungua mlango warudi, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawapokea. Baadhi yao watafaulu na mtoto akiwa mgongoni. Karatasi ya mwanamke kama huyo ikiungua au ikiibiwa, mama mkwe, shangazi na mwenyekiti wa kitongoji mna kazi ya kumwambia aanze leo, na kumshikia mtoto asubuhi ile anapoteremka Same. Msimwambie cheti hakina kazi shambani. Tangawizi inauzwa vizuri zaidi na anayejua kusoma mkataba.

Kikija cheti kipya, piga picha, toa nakala, zithibitishwe na wakili au hakimu, moja ibaki kwa ndugu unayemwamini nje ya nyumba yako. Chenyewe kiweke kwenye bahasha ya plastiki, mbali na paa linalovuja.

Ila usikae ukiwaza bahasha kabla ya namba. Leo jioni, kabla makande hayajaiva, mpigie yule mliyekaa naye chumba cha mtihani. Kesho asubuhi teremka na kitambulisho chako mpaka polisi.