Oili Inayovuja na Swali la Chanzo

Pikipiki kuukuu inapoanza kuvuja oili ghafla, huzuka maswali mawili ambayo watu huyachanganya kana kwamba ni moja. La kwanza huuliza oili imetokea wapi. La pili huuliza kwa nini leo, na kwa nini kwa mtu huyu, aliyeko njiani kati ya Bariadi na Lagangabilili akiwa amebeba mgonjwa au fedha za mauzo ya pamba. Swali la kwanza ni la fundi. La pili ni la dini na falsafa, na katika nchi ya Wasukuma halijawahi kuwa la kupitishia muda, kwa sababu majibu yake mabaya yamewahi kutoa roho za watu.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, pamoja na wilaya za Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Kabla bodaboda za Kichina na Kihindi hazijajaa vijiweni, pikipiki huko vijijini ilikuwa chombo cha bwana shamba, mganga wa zahanati na mmisionari. Miongoni mwa zile za zamani, Honda CG 125 inastahili kutajwa kwa jina. Ilitolewa katikati ya miaka ya 1970, injini yake ni ya mipigo minne, imeundwa kwa urahisi ili ivumilie kutunzwa kwa nadra, na pikipiki nyingi za Kichina zilizokuja baadaye zilifuata muundo wake. Ndiyo maana fundi wa chini ya mwembe aliyezoea bodaboda haogopi kufungua injini iliyomzidi umri.

Injini ya aina hiyo hubeba oili isiyozidi sana lita moja. Oili hiyo inatenganisha vyuma vinavyosuguana, inachukua joto na kubeba uchafu. Kinachoizuia isitoke ni vitu vidogo: gasketi za karatasi katikati ya vifuniko, sili za mpira kwenye shafti zinazotokeza nje, na boliti ya kumwagia oili iliyo chini kabisa. Aluminiamu ya injini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha boliti zinazoibana, kwa hiyo kila safari viungo hivyo husukumwa na kulegezwa kidogo. Mpira wa sili hukauka mwaka hadi mwaka na kupoteza mnyumbuko. Masika, udongo mweusi wa mbugani hujibanza kwenye mapezi ya silinda, injini ikashindwa kupoa. Matope hayohayo yanaweza kuziba bomba la kupumulia. Hewa inayopenya kandokando ya pistoni inakosa pa kutokea, presha inapanda ndani ya injini, na oili inasukumwa nje kupitia kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo sili inayovuja huenda haina kosa kubwa. Imezidiwa tu na jambo lililotokea kwingine.

Hapo dhana ya ghafla inaanza kuyeyuka. Sili iliyopasuka asubuhi ya leo imekuwa ikielekea kupasuka kwa miaka, na aliyeshtuka ni mwenye pikipiki ambaye hakuwa akitazama. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Fizikia yake, alitoa mfano wa mtu aliyekwenda sokoni kwa shughuli nyingine akakutana na mdeni wake. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kufika pale, lakini kukutana kwao hakukukusudiwa na yeyote. Ndivyo ilivyo kwa oili na mgonjwa. Sili ilikuwa na safari yake ya kuchakaa, mgonjwa alikuwa na homa yake, na njia hizo mbili zikakatana barabarani. Maelezo haya ni sahihi, ila hayamtulizi mtu aliyesimama juani na mgonjwa wake.

E. E. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia aliyeishi kati ya Waazande wa kusini mwa Sudan, alilieleza pengo hilo vizuri kuliko wanafalsafa wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 alizungumzia ghala lililoanguka na kuwaumiza watu waliokuwa wamepumzika kivulini chini yake. Waazande walijua fika kwamba nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Walichouliza ni kwa nini ghala hilo lilianguka wakati watu hao hasa wakiwa chini yake, na hapo ndipo walipotaja uchawi. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, naye aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika tukio baya halikomei kwenye sababu zinazoonekana. Kwa Wasukuma, swali la namna hiyo lilipelekwa kwa mfumu, ambaye angeweza kusoma jibu katika matumbo ya kuku, na jibu likawa mizimu iliyosahauliwa au mtu mwenye kijicho. Ni kosa kuyaita mawazo haya ujinga. Anayeuliza kwa nini yeye anauliza jambo ambalo kipimo cha presha hakiwezi kulijibu.

Hatari iko katika hatua inayofuata, pale swali la kwa nini linapogeuka kuwa la nani. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Simiyu, vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamechukuliwa kuwa ushahidi. Wekundu huo una chanzo kinachojulikana: miaka mingi ya kupika jikoni kwenye moshi wa kuni na samadi kavu. Mwanamke aliyewapikia watoto na wajukuu umri wake wote akahukumiwa kwa alama ambayo kazi hiyohiyo ilimwachia. Hakuna falsafa ya chanzo inayostahili heshima kama haiwezi kusema waziwazi kwamba huu ni uovu, na kwamba uovu wenyewe ulianza kwa uchunguzi ulioachwa njiani.

Kazi ya fundi inafaa kutazamwa kwa makini hapa, kwa sababu ina nidhamu ambayo mtafuta mchawi hana. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba oili inapodondokea sipo inapotokea. Upepo wa mwendo huisukuma nyuma, nayo huteremka kwa kufuata kingo za vifuniko hadi ipate pembe ya kudondokea, ambayo inaweza kuwa mbali na tundu. Hata grisi ya cheni iliyolundikana kwenye kifuniko cha sproketi ndogo huweza kudhaniwa kuwa sili ya shafti ya gia imekufa. Kwa hiyo fundi mzuri hafungui kitu kwanza. Anazima injini, anaiacha ipoe, anapima oili iliyobaki kwa kijiti chake, kisha anaiosha injini yote na kuikausha kwa kitambaa. Akiwa na poda au unga mkavu anaunyunyiza juu ya viungo vinavyoshukiwa, anawasha injini na kungoja. Mstari wa kwanza kulowa ndio shahidi wake.

Baada ya hapo matengenezo yenyewe huwa mafupi. Bomba la kupumulia huzibuliwa kabla ya kubadili sili yoyote, la sivyo sili mpya itavuja kama ya zamani. Gasketi isiyopatikana dukani hukatwa kutoka karatasi ya gasketi kwa kuilaza juu ya kifuniko na kuigonga taratibu kwa nyundo kufuata kingo zake. Silikoni hupakwa kidogo sana, kwani inayofurika ndani hukatika ikaziba njia za oili na kuiua injini iliyokusudiwa kuokolewa. Boliti hukazwa kwa mshazari, kidogo kidogo. Ikiwa oili imemwagika nyingi barabarani na hakuna ya kuongeza, pikipiki husukumwa. Injini iliyokauka oili hunoki katika mwendo mfupi, na hakuna dharura inayobadili jambo hilo.

Je, dini inamruhusu mtu kuishia kwenye sababu za aina hii? Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilichambua swali hilo kwa mfano ambao mkulima wa Simiyu angeuelewa mara moja, yaani moto na pamba. Alisema tunachokiona ni pamba kuungua inapokutana na moto, wala hatuoni ulazima wowote unaoziunganisha. Anayeunguza ni Mungu, na tunachokiita sababu ni desturi aliyoiweka. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu anaikana akili yenyewe. Mbele ya injini, hata hivyo, tofauti yao haibadili kazi. Anayemfuata Al-Ghazali bado ana wajibu wa kuisoma desturi hiyo, na Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamwagiza mtu amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, yote mawili.

Injili ya Luka, sura ya 13, inaligusa swali gumu zaidi. Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hatoi sababu nyingine badala yake. Analiondoa tukio katika mizani ya hukumu na kuwarudisha wasikilizaji kwenye maisha yao wenyewe. Hilo linamwachia aliyeharibikiwa njiani nafasi ya kuomba, kulalamika hata kushukuru, bila kumtafuta jirani wa kumbebesha mzigo.

Linabaki suala la lawama halali, kwa kuwa kukataa kumtuhumu mchawi si kusema hakuna anayewajibika. Uvujaji mwingine una mtu nyuma yake: fundi wa awali aliyekaza boliti ya oili hadi nyuzi za aluminiamu zikaisha, au mwenye pikipiki aliyeona injini ikitoa jasho miezi mingi akaongeza oili tu. Mafakihi wa Kiislamu walijadili tangu karne za mwanzo iwapo fundi anadhamini mali aliyokabidhiwa kwa kila hali au pale tu alipozembea, na mabaraza ya usuluhishi hadi leo hukutana na kesi za namna hiyo. Lawama hizi hutofautiana na tuhuma ya uchawi kwa jambo moja la msingi: mtuhumiwa anaweza kujitetea. Boliti inaweza kufunguliwa, nyuzi zikatazamwa na watu wawili, na aliyesingiziwa akaondoka akiwa huru.