Shida ya Mgeni Si Mali Yangu



Leo tuzungumze jambo linalotugusa sisi wa Unguja, maana hapa ukimaliza shule, kazi iliyo karibu mara nyingi ni ya hoteli. Swali ni hili: dhoruba ikija na watu wakakwama, je, ni dhambi kupandisha bei ya chumba?

Msidhani vimbunga ni habari za Marekani tu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Na juzi juzi, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwambao wetu, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisitisha safari. Hebu fikiria siku kama ile pale bandarini Malindi. Mtalii yupo, sawa. Lakini yupo pia mama wa Bara aliyekuja kumuuguza ndugu yake Mnazi Mmoja, na mwanafunzi mwenye nauli tu mfukoni. Wote wanaingia vichochoro vya Mji Mkongwe kutafuta kitanda. Tuseme chumba asubuhi kilikuwa shilingi 50,000. Jioni kiwe 200,000?

Rafiki yangu mmoja wa mapokezi anajibu haraka: "Bei ni makubaliano. Sijamshikia mtu panga. Mbona Desemba tunapandisha na hakuna padre anayelalamika?"

Hoja yake si ya kudharau. Lakini mgeni wa Desemba amepanga safari mapema. Akiona ghali, anakwenda kwingine au anabaki kwao. Yule wa bandarini hana kwingine. Anasema "sawa, nitalipa", ila mvua na bahari ndizo zilizomjibia.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliangalia jambo hili karne ya 13. Anafundisha kwamba muuzaji akipata hasara kwa kuachia kitu chake, anaweza kuiweka hasara hiyo kwenye bei. Lakini kama yeye hapungukiwi na kitu, na faida ya ziada inatoka kwenye shida ya mnunuzi tu, hana haki ya kuidai, kwa sababu huwezi kuuza kisicho chako. Chumba ni chako. Shida ni ya mgeni. Ndiyo maana Katekisimu, namba 2409, inaiweka tabia ya kupandisha bei kwa kutumia dhiki ya mwingine chini ya amri ya saba: Usiibe. Na majirani zetu Waislamu nao wanafundishwa kwamba ni haramu kuficha bidhaa ili bei ipande.

Sasa, si kila bei inayopanda ni ulanguzi. Kama umeme umekatika na jenereta inakunywa dizeli usiku kucha, au wafanyakazi wamelala kazini, gharama hiyo iweke, tena iandike kwenye risiti. Hata baada ya kimbunga cha 1872 bei ya karafuu ilipanda, kwa sababu karafuu zenyewe zilipungua kweli. Mnunuzi wa Bombay angeweza kusubiri. Hakuwa amesimama mvuani na mtoto mgongoni.

Wapo wanaosema bei ya juu inasaidia kugawana: familia iliyotaka vyumba viwili itachukua kimoja, na mwingine apate. Kuna ukweli hapo. Ila usiku huo hakuna kitanda kipya kitakachojengwa, na wa kwanza kuachia kitanda atakuwa yule asiye na pesa, hata kama ndiye mgonjwa. Kama nia ni kugawana, sema tu: familia moja, chumba kimoja, na magodoro tutandike ukumbini.

Inawezekana. Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, mamia ya watalii wa nchi hiyo walikwama hapa Zanzibar. Serikali na wenye hoteli walikaa pamoja kutafuta namna ya kuwahifadhi.

Najua utaniambia: "Mimi si mwenye hoteli, bosi ndiye anayepanga." Kweli. Basi mwulize bosi kabla ya mawingu kutanda: siku boti zikisimama, bei yetu itakuwa ipi? Swali hilo ni rahisi kuuliza jua likiwaka. Na kuna sehemu ambayo ni yako peke yako: kile cha juu unachoongeza kimya kimya na kuweka mfukoni. Hapo hakuna bosi wa kumsingizia.

Kila tukisoma Luka 10 tunamsifu Msamaria. Mwenye nyumba ya wageni tunampita. Lakini aliachiwa majeruhi, dinari mbili, na ahadi kwamba chochote kitakachozidi kitalipwa. Angeweza kuandika tarakimu yoyote. Msamaria alimwamini. Huduma nzima ya huruma ile ilitegemea uaminifu wa mtu wa mapokezi.

Swali la wiki hii: katika kazi au biashara yangu, ni faida gani naipata kwa sababu tu mwenzangu hana njia nyingine?

Tuombe: Bwana Yesu, uliyezaliwa mahali pasipo na nafasi katika nyumba ya wageni, utupe macho ya kukutambua anayebisha hodi akiwa amelowa, na moyo wa kumtajia bei ile ile ya asubuhi. Amina.