Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Soma Matendo 17:1–10 na 1 Wathesalonike 1:6–8. Je, Paulo alikaa Thesalonike kwa muda gani? Kanisa alilowaachia ndugu wa pale lilifanya nini baada ya yeye kuondoka?

Luka anataja Sabato tatu ambazo Paulo alihojiana na watu katika sinagogi. Hata kama alikaa zaidi ya hapo, aliondoka kwa haraka, usiku, kwa sababu ya ghasia. Lakini katika waraka wake anashuhudia kwamba neno la Bwana lilienea kutoka kwa Wathesalonike hata nje ya Makedonia na Akaya. Mgeni aliondoka, sauti ikabaki.

Leo tunapokea vikundi vya kujitolea vinavyokaa juma moja au mawili. Tuchukue mfano wa kanisa lililoko Ruaha, wilayani Kilosa, kwenye barabara inayotoka Mikumi kupitia Kidodi kuelekea Kidatu. Huko kwenye mashamba ya miwa wamekusanyika watu wa mikoa mingi, na miongoni mwa washiriki hawakosekani waashi, walimu na wakulima. Wageni wanafika, wanajenga ukuta, wanahubiri kila jioni kupitia mkalimani. Watu wanabatizwa, picha zinapigwa, gari linaondoka. Sabato inayofuata mzee wa kanisa anasimama mimbarani na viti vingi ni vitupu. Waliobatizwa walimjua mhubiri, hawakumjua yeye. Na fundi mwashi wa kanisa hilo, aliyesimama pembeni wakati wageni wakipanga matofali, sasa anaona ufa ukutani na kusema, "Tuwasubiri warudi."

Je, wageni wale walitenda vibaya? Walitoa kwa moyo, na bati si rahisi kununua. Hata hivyo, msaada unaweza kumjengea mtu nyumba na papo hapo ukamfundisha kwamba yeye hawezi kujenga. Upendo haupimwi kwa kilicholetwa tu, bali pia kwa nguvu aliyobaki nayo aliyepokea.

Historia ya kanisa letu nchini ina ushuhuda. Wamisionari wa kwanza, Ehlers na Enns, walifika Upare kutoka Ujerumani mwaka 1903. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, kazi haikufa, kwa sababu walikuwapo Wapare waliokwisha kufundishwa kusoma, kufundisha na kuhubiri kwa lugha yao wenyewe.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hutolewa na mwenyeji, naye ndiye anayeonyesha shamba. Basi baraza la kanisa lipange kazi kabla wageni hawajafika. Fundi wa hapa aongoze ujenzi, mgeni amshikie kamba. Darasa la ubatizo lianzishwe na mwalimu atakayeliendeleza. Muuguzi mgeni asipime watu shinikizo la damu peke yake, bali pamoja na mshiriki atakayebaki akijua kupima.

Hapa wenyeji nasi tuna deni. Mara nyingi tunasema "ndiyo" kwa kila pendekezo, tukihofia zawadi isije ikapotea. Kunyamaza huko si ukarimu. Mgeni aliyesafiri mbali anastahili kuambiwa ukweli: "Ndugu, ukuta tutaujenga wenyewe, tufundisheni kuongoza masomo ya Biblia nyumba kwa nyumba."

Maswali ya kujadili:

1. Katika kanisa lenu, ni kazi gani ingesimama endapo msaada kutoka nje ungekoma leo? Kwa nini?

2. Soma 2 Timotheo 2:2. Mgeni wenu ajaye angemfundisha nani, ili naye awafundishe wengine?

3. Tunawezaje kumwambia mfadhili ukweli bila kumvunjia heshima?