Nani Ampelekee Dawa Hii?

Tukikutana na mtu aliyefiwa na mwenzi wake, na watoto wake wamehamia mjini, mara nyingi humpa shauri hili: "Usijifungie ndani. Toka, ukae na watu." Shauri hilo ni jema, wala hatulikatai. Lakini yafaa tujiulize kama tunalipeleka kwa mtu anayepaswa kuambiwa.

Kwanza tukubali ya kuwa lina kweli ndani yake. Wazee wetu walisema mtu ni watu, na wataalamu wamelipima neno hilo. Katika wilaya ya Alameda, jimbo la California huko Marekani, mwaka 1965 watu wazima karibu 7,000 waliulizwa habari za ndoa zao, jamaa, marafiki, kanisa na vyama walivyojiunga navyo. Wakafuatiliwa kwa miaka tisa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1979, ilionekana kwamba wale wasio na watu walikufa kwa wingi zaidi, yapata mara mbili na zaidi ya wale wenye watu wengi. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba upweke unahusika na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Sababu zake si za ajabu. Mtu mwenye mashaka asiye na wa kumwambia, mwili wake hukaa kama wa mlinzi anayengoja mwizi: shinikizo la damu hupanda, usingizi huruka, chakula hakimpendezi. Tena, mwenye watu huulizwa, "Mbona umekonda?" Hukumbushwa vidonge vyake, na hupelekwa zahanati kabla ugonjwa haujakomaa.

Pengine msomaji atasema: Je, si ugonjwa ndio unaowafungia watu ndani, kisha tunasingizia upweke? Swali hilo ni la haki. Wachunguzi wa Alameda waliangalia pia afya ya watu hao mwanzoni, na uvutaji wa sigara, na unywaji wa pombe, lakini tofauti haikuondoka. Hata hivyo, mfano wenye nguvu zaidi umetoka hapa hapa Afrika.

Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na akina bibi 14. Madaktari wa namna yake walikuwa wachache mno nchini. Akina bibi hao wakafundishwa kuketi na watu waliolemewa na mawazo, juu ya benchi la mbao nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Baadaye kazi hiyo ikapimwa kwa watu 573, katika zahanati 24, na habari zake zikachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida karibu nusu walikuwa bado na dalili za huzuni kali. Miongoni mwa walioketi na akina bibi, walikuwa kama mmoja tu kati ya saba.

Basi, kukaa na watu ni dawa. Lakini tuangalie dawa hii ilivyo. Kidonge mgonjwa aweza kukimeza mwenyewe. Dawa hii hawezi kujipa. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kutoka akawafuate watu. Mama anayemlea mtoto asiyeweza kutembea hawezi kumwacha aende kwenye mazungumzo. Mzee aliyestaafu, aliyezoea kuamkiwa na watu hamsini kila asubuhi, huona haya kubisha hodi bila shughuli. Kumwambia mtu wa namna hii "toka, ukae na watu" ni kama kumwambia mwenye njaa ale, na ghala tumefunga sisi. Shauri hilo ni letu sisi wenye miguu mizima.

Wengine watajitetea kwamba wanatuma fedha kwa simu kila mwezi. Ni vizuri, na waendelee. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha hununua unga. Haziulizi kwa nini unga wa mwezi jana haujaguswa.

Tena kuna mtego. Tukisikia kwamba kutembeleana kunaongeza siku za kuishi, twaweza kuanza kuwatembelea wenzetu kwa ajili ya moyo wetu na shinikizo letu. Anayetembelewa hivyo hutambua upesi kwamba amefanywa kidonge cha mtu mwingine. Faida kwetu ipo, wala si dhambi kuifurahia. Bali ije nyuma, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Tuende kwa kuwa yule ni mwenzetu.

Wala si kila ujirani unaoponya. Nyumba ya ugomvi hupandisha damu kuliko nyumba ya mtu mmoja, na wako wanaopenda utulivu wao bila kudhurika. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye kimya chini. Walimwumiza walipoanza kumweleza makosa yake.

Mwezi huu, basi, kila nyumba imtafute mtu mmoja ambaye hajaonekana kwa muda, si kanisani tu, bali kisimani, sokoni, au barazani. Tusimwite aje. Tuende, tubishe hodi, tuketi nusu saa, simu ikae mfukoni. Tusiende na hotuba wala na maombi ya mkopo. Tumwulize habari zake, kisha tungoje jibu la pili, maana lile la kwanza huwa ni "nzuri" siku zote. Na tukiaga, tutaje siku ya kurudi, tena turudi siku hiyo hiyo.